Nimeanza Gran Turismo 7 wiki hii, mbona gari inakataa kuingia kona?

mgeni_wa_resi
Habari wakuu. Mimi magemu ya magari nimeyacheza tangu mdogo pale kibandani, yale unakanyaga mafuta mwanzo mwisho, ukigonga ukuta unaendelea zako. Sasa braza kanunua PS5 akaniachia PS4 yake pamoja na CD ya Gran Turismo 7, nina wiki nayo na kusema kweli nimeduwaa.

Kwanza nilichopenda, gari ya kuanzia unachagua kati ya Mazda Demio, Honda Fit na Toyota Aqua, yaani magari haya haya tunayopishana nayo mtaani kila siku!! Nikachukua Fit maana mjomba anayo, nimekaa ndani nikaangalia dashibodi mpaka braza akanishangaa, "si uanze kuendesha". Halafu kuna ule mgahawa, unaingia unapewa menyu inakwambia kusanya gari fulani tatu, na kila gari unaelezwa historia yake. Sikutegemea gemu ya resi inisomeshe nami nikapenda.

Shida ni kona. Nikiwa Tsukuba, njia ile ya resi ya Japani, naingia kona kali ile ya kurudi nyuma, nakanyaga breki, nakata stelingi yote, gari inaenda mbele moja kwa moja mpaka kwenye mchanga. Nikipunguza sana napitwa na wote. Barabarani naendesha mwaka wa sita huu, kwa nini hapa nashindwa? Padi mbovu au kuna setingi sijaigusa?

fundi_breki
Karibu mkuu. Padi yako nzima, setingi pia sio tatizo. Unafanya mambo mawili kwa wakati mmoja, breki na stelingi, na tairi haiwezi kukupa vyote kwa asilimia mia. Ukiikamua yote kwenye breki haina kilichobaki cha kukata kona, ndio maana inateleza mbele. Barabarani hujawahi kuliona hili kwa sababu huingii kona ukiwa kwenye mwisho wa uwezo wa tairi, na mungu akulinde usiingie.

Fanya hivi: breki yote piga gari ikiwa imenyooka, kona haijaanza. Pembeni ya njia huwa kuna vibao vya umbali, chagua kimoja kiwe alama yako, ukichelewa mzunguko ujao rudi nyuma kidogo. Ukianza kukata, breki iachie taratibu, usiitoe ghafla. Umeshasimama kwenye daladala dereva akafunga breki? Watu wote wanalala mbele. Gari nayo hivyo hivyo, uzito unahamia mbele, tairi za mbele zinakandamizwa chini na kushika vizuri, ukiachia taratibu ule uzito unabaki mbele kukusaidia kuingiza pua. Ukitoa mguu mara moja uzito unarudi nyuma na pua inakuwa nyepesi.

Na Fit inavutwa na tairi za mbele, kwa hiyo ukiwahi mafuta katikati ya kona unazipa hizo hizo kazi ya tatu. Subiri uone njia imefunguka ndio ukanyage. Utajiona unaenda polepole lakini angalia saa.

nuru_mvita
Hapo juu kamaliza. Mimi naongeza leseni, ile mitihani ya udereva ya ndani ya gemu, usiziruke jamani. Anza National B, mitihani kumi, mingine haifiki dakika moja. Wengi wanachukua shaba wanakimbilia kununua gari kali halafu wanalia. Rudia mpaka dhahabu, mimi kuna mmoja nilikaa nao usiku mzima na ndio ulionifundisha breki kuliko resi zote. Na ule mstari wa kuonyesha njia uzime leo leo, unaufuata kama kipofu, hujifunzi.

fundi_breki
@nuru_mvita kuuzima wote wiki ya kwanza mimi nakataa. Azime mstari, abakishe alama za sehemu ya breki mpaka azoee njia mbili tatu. ABS pia asiiguse, kwa padi bila ABS ataishia kufunga tairi tu.

nuru_mvita
Sawa, ABS nakubali. Mstari sikubali lol

kaka_wa_dom
Mgeni usije ukadanganywa kununua stelingi saa hizi. Stelingi nzuri lakini makosa ya breki yanakuja nayo. Kingine, hii gemu inataka intaneti muda wote ukiwa kwenye kazi yako ya resi, bando likikata umekwama, na masasisho yake ni makubwa, mimi nayashusha usiku. Ila usikate tamaa, kuna kijana wa Uingereza, Jann Mardenborough, alianzia kwenye Gran Turismo hivi hivi, akashinda GT Academy 2011, shindano la kuwageuza wachezaji wa gemu kuwa madereva wa resi, na 2013 akashika nafasi ya tatu Le Mans, resi ile ya saa 24 kule Ufaransa, kwenye daraja la LMP2. Kwa hiyo hiyo breki unayojifunza ni breki ya kweli.

mgeni_wa_resi
Wakuu narudi na majibu, siku tatu hizi sijagusa resi, ni leseni tu. National B nimemaliza, dhahabu nne, nyingine fedha. Mstari nimezima, alama za breki nimeacha (samahani dada Nuru). Jana nikarudi Tsukuba na Fit ile ile, sijabadilisha hata tairi, kona ile naanza breki mapema kuliko zamani, naachia kidogo kidogo, pua inaingia yenyewe, nimepunguza zaidi ya sekunde tatu kwa mzunguko!! Nilidhani saa imekosea nikarudia, ikaja ile ile.

Sasa nimenunua Mazda MX-5, hii inasukumwa nyuma, nikikanyaga mafuta kutoka kona mkia unakuja mbele. TCS, ile ya kuzuia tairi kuteleza ukikanyaga mafuta, niweke ngapi?

fundi_breki
Hongera sana mkuu, sekunde tatu sio mchezo. Weka 1, na kitufe cha mafuta kikandamize kama unakamua ndimu, usikipige. Mkia ukitoka geuza stelingi upande unakokimbilia na usikanyage breki. Kesho uje utuambie.