Alama zimeshuka, mteja anasema hali ni ile ile. Nimwamini nani?

MshauriMpya: Wakuu, naombeni ushauri. Niko mafunzoni, ushauri nasaha. Mteja wangu alipoanza alijaza dodoso la sonona, PHQ-9, akapata 17. Juzi kajaza tena: 11. Msimamizi kafurahi, ila mteja mwenyewe haoni tofauti. Hivi hili dodoso linapima kitu kile kile mwanzo na baadaye?

Kipimo: Hesabu kwanza. Maswali 9, kila moja 0 hadi 3, jumla 27. Kushuka alama 5 au zaidi huhesabiwa kuwa badiliko lenye maana kitabibu, kwa hiyo 6 si haba. Lakini jumla inaficha mengi. Kimeshuka nini hasa? Usingizi ukitengemaa, alama zinapungua hata kama huzuni haijasogea. Na swali la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru, lisome peke yake kila mara, jumla iwe ngapi.

Bibi_Takwimu: Nakazia. Ukijumlisha, umeshakubali kwamba maswali yote yanapima jambo moja, tena kwa namna ile ile kila safari. Mwaka 2016 Eiko Fried na wenzake walichunguza vipimo kadhaa vya sonona vinavyotumika sana, wakakuta dhana hiyo haisimami: jinsi maswali yanavyoshikamana ilibadilika kadiri muda ulivyokwenda. Halafu watu huja kutafuta msaada wakiwa wamezidiwa. Wengine wangeshuka tu hata bila tiba.

MzeeWaKliniki: Mimi nakutana na kinyume chake: mtu anapata nafuu, alama zinapanda! Mwanzoni hajui hata kutaja anachohisi, anaweka 0. Akishajielewa anaweka 2. Rula yenyewe imebadilika. Muulize, "Zile wiki za kwanza, leo ungezipa alama ngapi?" Jibu lake lichukue kwa tahadhari, kumbukumbu nayo hudanganya.

MshauriMpya: Nimefungua fomu zote mbili. Usingizi 3 hadi 0, uchovu 3 hadi 1, hamu ya kula 2 hadi 1. Huzuni 2 na 2. Kutofurahia mambo 2 na 2. Swali la 9 ni 0 zote. Na hapo katikati daktari alimwandikia dawa ya usingizi 🤦

Kipimo: Basi zile 6 zote umeshazipata zilikotoka. Msimamizi mpelekee fomu, jumla iache.