Bima ya vitu vya ndani: kiwango bado ni kile cha 2019, nilipie tu au nibadilishe?

Baba Wawili
Habari za jioni wakuu. Mwaka 2019 tulikuwa tumepanga Tabata, chumba na sebule, nikakata bima ya vitu vya ndani ya milioni 8: moto, mafuriko, wizi wa kuvunja. Kila mwaka wakala ananitumia meseji, nalipa, maisha yanaendelea. Sasa tuko kwetu Mbezi. Kuna friza, TV ya inchi 55, makochi mapya, na mama watoto anashonea wateja hapo hapo nyumbani, ana cherehani mbili na ovaloki. Juzi jirani kavunjiwa, ndipo nikautoa mkataba kwenye bahasha. Anwani bado Tabata! Wakala anasema, "Lipia tu kaka, mengine tutarekebisha mbele ya safari." Inaisha tarehe 30. Nifanyeje?

Kapuku Halisi
Bima za Bongo ni kuliwa tu. Weka nondo, fuga mbwa.

Dawati la Madai
Kapuku, mbwa hazimi moto.

Mtoa mada, nimeshughulikia madai miaka sita, na kesi kama yako ndizo zilizokuwa zinaniumiza. Tuseme vitu vyako vyote leo vina thamani ya milioni 20, bima ni ya milioni 8. Wezi wakabeba TV na laptop za milioni 3. Wewe unajua 3 iko ndani ya 8, kwa hiyo utalipwa yote. Hapana. Kama mkataba una kipengele cha uwiano, na mingi inacho, watasema ulikatia bima asilimia 40 tu ya mali yako, kwa hiyo wanakulipa asilimia 40 ya hasara: 1,200,000. Hapo bado hawajakata ile sehemu ya mwanzo unayobeba mwenyewe.

Anwani ndiyo mbaya zaidi. Mkataba unataja vitu vilivyomo kwenye nyumba ya Tabata. Andika barua au imeili LEO, usingoje tarehe 30, na wakujibu kwa maandishi. "Mbele ya safari" ya wakala haina muhuri. Halafu kwa kuwa nyumba sasa ni yako, kumbuka bima ya vitu haigusi ukuta wala paa.

Shangazi wa Kimara
Mie wezi waliingia kwangu 2022. RB ya polisi nilikuwa nayo, kitasa kilichovunjwa nilikipiga picha. Kilichoniangusha ni risiti. Zile za mashine ya EFD ukiziweka droo karibu na jiko, baada ya mwaka ni karatasi nyeupe! Nimekaa mbele ya mkadiriaji hasara namwonyesha karatasi tupu, naapa kwa Mungu ilikuwa ya mikrowevu. Siku hizi sijatoka dukani nimeshapiga picha risiti na namba ya nyuma ya kifaa, najitumia kwenye imeili.

Baba Wawili
Asanteni sana. Na cherehani je? Si vitu vya nyumbani hivyo?

Dawati la Madai
Za kushonea wateja ni vitendea kazi. Mikataba mingi ya nyumbani inavitoa, au inaviwekea kikomo kidogo. Watajie wazi kuwa kuna biashara na wateja wanaingia ndani. Ada itapanda kidogo, lakini ukificha wakagundua siku ya dai, wanaweza kugoma kulipa hata makochi.

Kapuku Halisi
Si nilisema? Watagoma tu.

Dawati la Madai
Wakigoma bila sababu kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, nenda na makaratasi yako. Ila ukiwa umeficha kitu, hata yeye hana la kukusaidia.

Baba Wawili
Mrejesho: imeili ya anwani nimetuma. Jana usiku nimezunguka na simu nachukua video, mama watoto anataja bei za sasa, mimi naandika. Sebule na jiko peke yake tumefika milioni 14.3, chumba cha cherehani bado hatujagusa. Risiti ya friza nimeikuta nyeupe pee, Shangazi umenichekesha. Jumatatu naenda ofisini kwao mwenyewe.

Shangazi wa Kimara
Pitia kwanza dukani uliponunua friza, wakutolee nakala. Na kabati la nguo ulifungue mbele ya kamera, baba. Suti mbili na doti za vitenge za mkeo hesabu uone.