Kocha wa riadha sekondari: ajira ya Serikali Rungwe au mkataba wa shule binafsi Mbeya mjini?

Mita1500: Habari za jioni, wanajukwaa. Nimehitimu ualimu Mkwawa, Iringa, ambako nilikuwa mkimbiaji wa timu ya chuo, na sasa ninataka kufundisha riadha. Nimepangiwa shule ya kata wilayani Rungwe kama mwalimu wa Jiografia, na mkuu wa shule yuko tayari kunikabidhi michezo. Wakati huohuo, shule binafsi ya bweni mjini Mbeya inanitaka niwe kocha tu, kwa mkataba wa mwaka mmoja unaolipa zaidi kidogo ya mshahara wa kuanzia wa TGTS D, ngazi ya mshahara ya mwalimu wa Serikali mwenye shahada. Naomba mnilinganishie.

Mwalimu wa Zamu: Hongera, dada. Serikalini wewe ni mwalimu kwanza: vipindi, maandalio ya somo na usahihishaji humaliza siku, na mazoezi yanabaki ya saa kumi jioni, wakati wanafunzi wa kutwa wanawaza mwendo wa kurudi nyumbani na kuni zinazowasubiri. Mvua ya Tukuyu, hukohuko Rungwe, nayo unaijua. Mistari ya chokaa uliyochora asubuhi huikuti jioni. Hata hivyo, michango yako inaingia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kila mwezi, na timu ikitolewa mapema UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, hakuna anayekufukuza.

Kipenga: Nimefundisha shule binafsi, na ninakubaliana na Mwalimu kuhusu usalama wa ajira, lakini tusiudharau mkataba huo. Bweni linakupa mazoezi ya alfajiri, chakula unachokijua na mwanafunzi asiyekosekana, mambo ambayo kwa mkimbiaji wa mita 1500 yana uzito kuliko kiwanja kizuri. Tatizo ni kwamba UMISSETA huchezwa katikati ya mwaka. Ikishapita, mwenye shule huanza kujiuliza anakulipia nini. Kabla ya kusaini, muulize kazi yako ya muhula wa pili ni ipi, na nani anagharamia safari ya kwenda ngazi ya mkoa.

Mama Makete: Mnasahau jambo moja. Wanariadha wengi wakitoka chuoni huwapa watoto programu ileile waliyokimbia wao, na binti wa kidato cha pili anaumia goti kabla ya Juni, tena kwa baridi yetu ambayo misuli haipashiki upesi. Fainali nazo zikipelekwa pwani, kama Mtwara mwaka 2021, joto humlemea mtoto wa nyanda za juu asiyeandaliwa. Ukocha una somo lake, na Chuo cha Michezo Malya kipo. Mtumishi wa umma aliyethibitishwa kazini anaweza kuomba ruhusa ya masomo. Wa mkataba wa mwaka mmoja ataombea wapi? Mimi ningekwenda Rungwe.

Mita1500: Ninashukuru sana. Ninaelekea Rungwe, ila nitamwomba mkuu anipunguzie vipindi.

Mwalimu wa Zamu: Vipindi vya Jiografia shule ya kata, dada? Omba ufunguo wa stoo ya vifaa na zamu isiyoangukia siku za mazoezi, hayo atakupa.