Handaki la Hezekia: ushahidi au shimo tu?

Mwanafunzi Mkubwa: Wakuu, salaam. Mwalimu wetu wa Biblia kasema handaki la Siloamu kule Yerusalemu limemaliza ubishi kama mfalme Hezekia wa Yuda alikuwepo kweli. 2 Wafalme 20:20 inataja birika na mfereji, na handaki lipo, mita 533, maji yanapita mpaka leo. Je, ni halali kumsoma mfalme wa Maandiko kwa sururu, au ndiyo tumekuwa Tomaso?

Ubishi Mtamu: Handaki lipo, nani kakataa? Ila maandishi yaliyokutwa ukutani mwaka 1880 hayamtaji Hezekia wala mfalme yeyote. Halafu tazama ramani: lingenyooka lingekuwa mita mia tatu na kitu, wao wamepinda kama mlevi wa mnazi anarudi kwake. Vibarua wasiojua kushoto na kulia.

Fundi Visima: Kwa vibarua hapo umenikosea. Nina miaka 19 shimoni. Kundi moja lilianzia chemchemi ya Gihoni, jingine upande wa birika, wakakutana gizani chini ya mwamba. Wewe na ramani yako ya simu unapotea Kariakoo.

Mama Neema: Matusi ya nini? Senakeribu mwenyewe, mfalme wa Ashuru, adui, kaandika kwamba alitwaa miji 46 ya Yuda, na kwamba alimfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege tunduni. Hakusema ameuteka mji. Mtu wa majigambo vile angenyamaza? Jibuni hilo.

Ubishi Mtamu: Fundi, sijatukana kazi yako. Limepinda au halijapinda?

Fundi Visima: Limepinda! Mwamba haunyooki kwa sababu wewe unataka. Unapiga mtalimbo, unatulia, unasikiliza. Maandishi hayohayo unayoyataja yanasema zilibaki dhiraa tatu, ikasikika sauti ya mtu akimwita mwenzake. Asiyejua kushoto anaandika hayo?

Ubishi Mtamu: Kaandika karani.

Fundi Visima: Ulikuwepo?

Kijana wa Hesabu: Mimi nacheka tu ile kodi Hezekia aliyomlipa Senakeribu. Biblia: talanta 30 za dhahabu, 300 za fedha. Waashuri: dhahabu 30 vilevile, fedha 800. Mlipaji hupunguza, mpokeaji huongeza, kama mahari.

Mama Neema: Mahari tena! Ndege tunduni hamjajibu. Na ule udongo wenye alama ya muhuri, “Hezekia mwana wa Ahazi, mfalme wa Yuda”, uliochimbuliwa Ofeli, hukohuko Yerusalemu, na kutangazwa 2015, nao ni ulevi?

Ubishi Mtamu: Mama, shikamoo, nitarudi kwako. Hayo maandishi ya handaki si yako London? Wazungu wamebeba kila kitu.

Kijana wa Hesabu: Yako Istanbul. Mwaka 1880 Yerusalemu ilikuwa ya Waothmani. London kuna michoro ya mawe ya kuzingirwa kwa Lakishi, mji wa Yuda, iliyotoka ikulu ya Senakeribu, Ninawi.

Ubishi Mtamu: Basi Waturuki wamebeba. Hoja ni ileile.

Mama Neema: Hoja ipi?

Mwanafunzi Mkubwa: Fundi, samahani, hii ya sauti imenikaa. Ukiwa chini na lori linapita juu, unajuaje lipi ni lori na yupi ni mtu?

Fundi Visima: Lori linanguruma moja kwa moja. Mtu anagonga, anapumzika, anagonga.

Ubishi Mtamu: Na kama ni mwangwi wako mwenyewe?

Fundi Visima: Unaacha kugonga. Kukiendelea kugongwa, ni mtu.