Kadi ya "zahanati iliyoliwa": nitajuaje ni kweli, na nikishajua nifanye nini?

MwanaWadi

Wadau, habari zenu. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya wadi yetu hapa Kenya, na Facebook pia, kuna kadi inayozunguka. Ina picha ya jengo lisilo na paa, nyasi zimefika madirishani. Pembeni pana nembo ya gazeti, na juu maneno mekundu: "MILIONI 84 ZA ZAHANATI ZIMELIWA – MKAGUZI MKUU". Chini kuna kipande cha ukurasa wa ripoti, aya moja imepakwa njano. Watu wa gavana nao wakajibu kwa video ya zahanati yenye rangi mpya, wakidai kaunti ilipata ripoti safi. Mbunge naye anasema mradi ule aliuanzisha yeye kwa CDF, mfuko wa maendeleo wa eneobunge.

Zahanati ipo, na kweli haijaisha. Ninachotaka ni njia: nithibitishe vipi kila dai, na nikishajua ukweli niupeleke wapi ili mtu ajibu? Kusambaza tu kadi nyingine sioni kama kunasaidia.

Tambuzi

Anza na picha, ndiyo kazi nyepesi. Usitafute kadi nzima. Ukiitia Google Lens utaletewa kadi hiyo hiyo mara mia. Kata maandishi na nembo ubaki na jengo tu, ndipo utafute. TinEye, tovuti ya kutafuta picha, inakuruhusu kupanga matokeo kuanzia la zamani zaidi, na hilo ndilo unalolitaka: picha ikionekana mwaka 2016 katika nchi nyingine, hadithi imeishia hapo. Usipopata kitu, ipindue kushoto-kulia ujaribu tena, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huipindua makusudi. Tarehe ndani ya faili usiihangaikie. WhatsApp huifuta tarehe hiyo picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Hubaki tu kama aliyeipiga ameituma kama faili ya nyaraka.

Kwa video, isimamishe mahali panapoonyesha vitu visivyohama: ubao wa mradi, kilima, mlingoti wa simu, maandishi ya duka. Chukua skrinshoti nne au tano, nenda nazo mpaka pale zahanati ilipo, simama alipokuwa mpiga video. Google Earth ya kompyuta ina picha za satelaiti za miaka iliyopita, ila angalia tarehe ya kila moja. Vijijini picha huweza kuwa ya miaka miwili nyuma, kwa hiyo paa kutoonekana huko peke yake si ushahidi.

Nembo ya gazeti: ingia ukurasa wa gazeti lenyewe utafute habari hiyo. Kadi bandia mara nyingi haina kiungo wala jina la mwandishi. Kwenye Facebook fungua sehemu ya uwazi wa ukurasa: utaona ulianzishwa lini, uliwahi kuitwa majina gani, na wasimamizi wako nchi gani. Ukurasa uliokuwa wa utabiri wa mechi na leo ni "Sauti ya Wanyonge" umebadilisha biashara, haujapata uchungu wa wananchi. Kwenye X tafuta sentensi moja ya kadi ndani ya alama za nukuu. Akaunti nyingi zikiwa na maneno yale yale, kosa la tahajia lile lile, ndani ya saa moja, hiyo ni kazi ya kulipwa. Utafiti wa Mozilla wa mwaka 2021 kuhusu Twitter ya Kenya ulikuta washawishi wakilipwa kama dola 10 hadi 15 kwa kampeni moja, na majaji walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa. Haifiki hata bei ya mbuzi.

Angalizo: picha ikiwa ya uongo, haina maana kwamba pesa ziko salama. Ni maswali mawili tofauti.

HesabuZaUmma

Tambuzi kamaliza picha. Mimi nishike kile kipande cha njano, maana ndicho kinachodanganya zaidi, na mara nyingi ni cha kweli!

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu iko kwenye tovuti ya ofisi yake. Tafuta ukurasa mzima, si aya. Kichwa cha ripoti kitakwambia mambo mawili ambayo kadi huyakata: ni taasisi gani, na ni mwaka upi wa fedha ulioishia 30 Juni. Serikali ya kaunti ina ripoti yake, bunge la kaunti lina yake, hospitali na mifuko mbalimbali zina zao. Aya ya mwaka 2018/2019 ya gavana aliyeondoka hubandikwa kwa aliyepo, na kinyume chake.

Kisha isome aya yenyewe pole pole. Sentensi utakayoikuta tena na tena ni kwamba usahihi na ukamilifu wa matumizi ya shilingi kadhaa "haukuweza kuthibitishwa". Maana yake mkaguzi aliomba hati za malipo, mikataba au vyeti vya kazi akakosa. Huenda pesa ziliibwa, huenda faili ilipotea, huenda kazi ilifanyika bila karatasi. Mkaguzi hajasema "zimeliwa". Neno hilo ni la aliyetengeneza kadi. Lakini msione kama ni jambo dogo: afisa anayeshindwa kutoa hati za malipo ya umma tayari ana kosa la kujibu, hata kabla hatujafika kwenye wizi.

Sasa "ripoti safi" ya upande wa gavana. Maoni ya mkaguzi ni ya aina nne: safi, yenye kasoro (hesabu ni sawa isipokuwa mambo yaliyotajwa), mabaya (hesabu hazionyeshi hali halisi), na la nne, mkaguzi anakataa kutoa maoni kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Wanasiasa huyaita "safi" yale yenye kasoro. Na hata yakiwa safi kweli, yanahusu hesabu zilivyoandikwa. Ruka mbele usome sehemu ya matumizi halali na yenye tija ya rasilimali za umma. Huko ndiko utakuta mradi uliokwama, mkandarasi aliyelipwa akaondoka, jengo lililokamilika bila umeme. Kaunti inaweza kuwa na maoni safi mwanzoni na zahanati yako ikatajwa huko ndani.

Kuhusu milioni 84: kwa zahanati moja ya wadi mimi ningeshuku mara moja. Fungua bajeti iliyoidhinishwa na kiambatisho chake cha miradi ya wadi. Namba kama hiyo mara nyingi ni ya zahanati zote za kaunti, au ya mkataba wa miaka kadhaa. Halafu tofautisha hatua, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huteleza: kilichopangwa kwenye bajeti, kilichotolewa kutoka hazina, kilicholipwa kwa mkandarasi. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti huonyesha hatua hizo katika safu tofauti za jedwali, ila nyingi huishia kwenye idara. Ukiona Idara ya Afya ilitengewa pesa za maendeleo ikapata nusu, huenda jengo lilisimama kwa kukosa fedha na mkandarasi anadai. Ukiona zilitoka zote na paa halipo, una swali zito mkononi.

Mbunge na CDF: zahanati ni kazi ya kaunti kwa Jedwali la Nne la Katiba, na sheria ya NG-CDF ya 2015 iliufunga mfuko huo kwenye kazi za serikali kuu, kama shule na vituo vya polisi. Lakini CDF ya zamani, iliyoanza 2003, ilijenga zahanati, na baadhi zilirithiwa na kaunti 2013 zikiwa kuta tupu. Kwa hiyo huenda mbunge hadanganyi kuhusu msingi. Uliza msingi uliwekwa mwaka gani.

KinondoniMkazi

Wakuu, huku kwetu Tanzania mchezo ni ule ule, majina tofauti. Ripoti ya CAG, yaani mkaguzi mkuu wetu, hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha inakwenda bungeni, na wiki hiyo mitandao hujaa kadi. Sisi tunasema hati safi, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha na hati mbaya. "Hati yenye shaka" hugeuzwa "wizi" kabla ya jioni. Sheria yetu ya kupata taarifa, ya 2016, inampa ofisa siku 30 kumjibu raia aliyeomba.

BaruaNaMuhuri

Kenya ni siku 21. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakupa njia. Unaweza kuandika kwa Kiswahili, na hulazimiki kueleza sababu. Kuomba hakulipiwi, unaweza kutozwa gharama ya kunakili tu. Andika kama raia kwa jina lako. Barua ya "Grupu la Vijana wa Wadi" humpa karani kisingizio, kwa kuwa haki hiyo ni ya raia.

Kosa kubwa ni kuandika "naomba taarifa zote kuhusu zahanati". Utajibiwa baada ya siku 20 kwamba ombi lako haliko wazi. Taja hati moja moja:

"Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari, 2016, naomba nakala za hati hizi kuhusu ujenzi wa Zahanati ya ___, kuanzia mwaka wa fedha ___ hadi ___: mkataba na mkandarasi, BQ (orodha ya vifaa na kazi za ujenzi) iliyoidhinishwa, vyeti vyote vya malipo pamoja na tarehe, ripoti za kamati ya ukaguzi na upokeaji kazi, na barua yoyote ya kuongeza muda au gharama."

BQ na vyeti vya malipo ndivyo vinavyouma. BQ inasema mabati mangapi, geji gani, milango mingapi. Cheti kinasema hatua gani ililipwa. Cheti kikisema paa limelipwa, wewe hutahitaji kadi ya mtu.

Peleka nakala mbili kwa katibu wa kaunti, ambaye ndiye afisa wa habari kisheria asipokuwa amemkabidhi mwingine, na nakala kwa afisa mkuu wa afya. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri, siku 21 hazina mwanzo. Wanaweza kuongeza siku 14 mara moja tu. Wakikaa kimya au wakikukatalia kwa kisingizio cha siri ya tenda, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huiita Ombudsman, ndani ya siku 30. Ambatanisha barua yenye muhuri.

Ukishapata hati na kuona mwanya, peleka ombi rasmi kwa karani wa bunge la kaunti chini ya sehemu ya 15 ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Kwa aya ya ukaguzi ambayo haijajibiwa, iandikie kamati ya Seneti inayowahoji magavana kuhusu hesabu, utaje ukurasa na namba ya aya. Hati zikionyesha malipo kwa kazi isiyofanyika, hiyo ni ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi. Ina mfumo mtandaoni wa kuripoti bila kujitambulisha. Usianzie huko ukiwa na skrinshoti tu.

MwanaWadi

Asanteni sana. Nimeipata ripoti yenyewe: ile aya ni ya kweli ila ni ya mwaka wa fedha 2018/2019, na inahusu zahanati sita. Sasa kwenye grupu niseme nini wakati nangoja siku 21? Nikisema kadi ni ya uongo nitaitwa kibaraka wa gavana.

HesabuZaUmma

Usiseme "ni ya uongo" ukaishia hapo. Hapo unampa gavana zawadi: kesho watapiga muhuri wa FEKI juu ya kadi, na swali la zahanati sita litazikwa nalo. Weka sahihisho na swali katika ujumbe mmoja, na usiirudishe kadi yenyewe. Kitu kama hiki:

"Ile namba ya milioni 84 ni ya zahanati sita, mwaka 2018/2019, si ya yetu peke yake. Mkaguzi alisema matumizi hayo hayakuthibitishwa kwa hati. Ukurasa mzima huu hapa. Zahanati yetu ni mojawapo ya hizo sita na haina paa. Leo nimewasilisha barua kwa katibu wa kaunti kuomba BQ na vyeti vya malipo. Muhuri ni huu. Mwisho wa kujibu ni tarehe ___. Mwenye picha ya jengo hilo ya miaka ile anitumie kama faili, si kama picha."