Tai ya lastiki ya mwanangu imevutwa mbele ya watu, na aliyeivuta mnamjua

Baba wa Beki wa Kushoto (Katuba), Jumamosi saa nne usiku

Ndugu wana-Lubumbashi, ninaandika nikiwa bado na viatu miguuni, kwa kuwa tangu niliporudi uwanjani sijapata utulivu hata wa kuinama na kufungua kamba. Sitamtaja mtu. Sina haja ya kumtaja, kwa sababu katika mtaa wetu mzima wa Katuba na nusu ya mtaa wa Kenya, hapahapa mjini, hakuna kocha mwingine wa watoto anayevaa koti zito lenye manyoya shingoni katika mwezi wa kumi, mwezi ambao hata mbuzi huanza kutafuta kivuli cha ukuta kabla ya saa tatu asubuhi. Alikaa Canada miaka miwili, akaturudia na filimbi ya chuma, koti hilo na sheria.

Sheria yenyewe inasema kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili, anayecheza mpira wa miguu juu ya udongo mwekundu usio na hata jani moja, sharti afike kwenye mechi akiwa na shati la kola, tai, suruali ya kitambaa na viatu vyeusi, ati ndivyo wanavyovaa vijana wa hoki ya barafuni wanapokuwa nje ya barafu. Nilimwuliza barafu yetu iko wapi. Alinijibu kwamba barafu iko moyoni. Nilinyamaza, kwa maana barafu pekee ninayoifahamu mimi ni ile ya vifuko inayouzwa na watoto kando ya barabara, nayo huyeyuka kabla hujarudishiwa chenji.

Hata hivyo tulitii. Umeme haukuwapo tangu Jumanne, kwa hiyo mama yake alipiga shati pasi ya makaa, na cheche moja ikaruka ikatoboa tundu dogo, kama punje ya mtama, karibu na kifungo cha juu. Viatu tuliazima kwa shemeji yangu, namba 42, na mguu wa mtoto ni 37, basi tukajaza magazeti mbele. Tai niliinunua mwenyewe katika soko la Kenya: ya buluu yenye mistari myeupe, fundo lake limekwisha kufungwa tangu kiwandani, na nyuma ina lastiki nyeusi na kindoano cha plastiki. Usiku mtoto aliitundika kwenye msumari juu ya mkeka wake, akalala akiitazama. Fundo lilifunika lile tundu barabara.

Sasa sikilizeni. Asubuhi, kabla ya gari kuondoka kwenda kwenye mechi Kipushi, kocha aliwapanga watoto mstari mmoja akawakagua kama kamanda. Alipofika kwa mwanangu alishika fundo kwa vidole viwili, akalivuta taratibu mpaka lastiki ikafika urefu wa mkono, akaitazama kama mtu aliyekuta funza kwenye mchele, kisha akaiachia. Pa! Ilimpiga mtoto chini ya kidevu, fundo likageukia sikioni na tundu la pasi likaonekana na kila mwenye macho. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: “Hii si tai, hii ni manati.”

Watoto walicheka. Dereva alicheka. Muuza ndizi, ambaye hata hajui mpira ni nini, alicheka mpaka akatua sinia lake chini. Tangu wakati huo mwanangu haitwi tena jina nililompa mimi, anaitwa Manati. Naomba mnieleze, ninyi mlio wazazi, kama kuna nchi ambayo mtu mzima huvuta tai ya mtoto na kuiachia.

Mwana Kamalondo, saa nne na robo

Kaka, pole sana, ila lastiki ya tai ya soko la Kenya haifiki urefu wa mkono wa mtu mzima, ingekatika njiani. Mimi niliwahi kuwa na moja kama hiyo siku ya harusi ya dada yangu, na ilipofika shibiri moja tu ilikwisha kulia. Tueleze ukweli ili tukuonee huruma ya kiasi kinachofaa.

Baba wa Beki wa Kushoto, saa nne na dakika ishirini

Huko kuiona mimi ndiko kunanitosha. Nilikuwa nimesimama karibu, na ninakuhakikishia kwamba kocha alirudi nyuma hatua mbili, akiwa bado ameshika fundo, ndipo akaiachia. Pa! Hata sasa, kila mtoto wa jirani anapofunga mlango, mimi huisikia.

Jirani wa Theluji (Montréal), saa nne na nusu

Ndugu zangu, ninaishi huku, na binti yangu hucheza hoki, kwa hiyo niruhusuni niseme kidogo. Habari ya koti na tai si uongo. Katika NHL, ligi kubwa ya hoki ya Canada na Marekani, makubaliano kati ya wamiliki na wachezaji yaliwataka wachezaji wavae koti, tai na suruali rasmi wanapokwenda kwenye mechi na wanaposafiri, isipokuwa kocha au meneja aruhusu vinginevyo, na timu nyingi za vijana ziliiga desturi hiyo. Lakini kocha wenu amechelewa kupata habari. Mwaka 2020, ligi ilipomalizia msimu ndani ya Toronto na Edmonton kwa sababu ya korona, sharti la suti liliwekwa kando, na mwaka 2025 pande zote mbili zilikubaliana mkataba mpya unaoliondoa. Anawatesa watoto wa Katuba kwa sheria ambayo wenyewe wameichoka.

Tena, kwa watoto wadogo, jambo analosisitiza mzazi yeyote wa huku si tai. Ni kofia ya sufu. Mtoto hutoka uwanjani kichwa kimelowa jasho, na nje kuna baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri. Nywele huganda zikawa ngumu kama nyasi kavu kabla hajafika kwenye gari. Jambo la pili ni vifuniko vya plastiki vya kuvika vile vyuma vyenye makali vilivyo chini ya viatu vya kutelezea barafuni, kwa kuwa hatua chache tu juu ya sakafu ya saruji hutosha kuharibu makali, na kuyanoa tena ni fedha. Jambo la tatu ni kubadilisha nguo zote za ndani, maana mfuko wa vifaa vya hoki una harufu ambayo sitaieleza hapa kwa sababu kuna watu ambao hawajala. Timu nyingi huwapa watoto treksuti ya timu, basi. Binti yangu hana tai.

Mama Sopo, saa nne na dakika arobaini

Mimi ninamtetea kocha. Tangu alete sheria hiyo, mwanangu hapandi tena miembe kabla ya mechi, kwa sababu anaogopa kuchafua suruali, na wale wa timu ya pili walipotuona tukishuka garini walidhani tumekuja kufanya harusi, wakatupisha njia. Tulifungwa mabao manne, ni kweli, lakini tulifungwa tukiwa nadhifu. Huyu baba angenunua tai ya kufunga kwa mkono, hakuna ambaye angeivuta.

Baba wa Beki wa Kushoto, saa nne na dakika arobaini na tano

Mama, kwa heshima zote, tai ya kufunga kwa mkono nani ataifunga? Mimi sijui, baba yangu hakujua, na jirani pekee anayejua hutoza faranga mia tano kwa kila fundo, tena hukataa kufundisha. Halafu mnasahau jambo lenyewe. Aliivuta akiwa amesimama mlangoni pa gari, mtoto yuko chini ya mwembe, na kati yao palikuwa na hatua saba. Saba! Kisha akaiachia.

Mwana Kamalondo, saa nne na dakika hamsini

Ilianza mkono, ikawa hatua mbili, sasa ni hatua saba. Ikifika kesho asubuhi, kocha ataiachia akiwa tayari yuko Kipushi. Ndugu, lastiki hiyo iuze. Migodi inaihitaji kuvutia malori.

Mzee wa Ruashi, saa tano kamili

Vijana, mnagombana juu ya tai kana kwamba mlizaliwa nayo. Sisi wa wakati Kongo yetu ilipoitwa Zaire tulivaa abacost, koti lililofungwa hadi shingoni, na mtu aliyethubutu kuvaa tai aliitwa mtumwa wa mkoloni na kuulizwa maswali. Tulikaa hivyo miaka mingi, mpaka tarehe 24 Aprili 1990, Rais Mobutu alipotangaza vyama vingi na katika hotuba ileile akaturuhusu tai tena. Kaka yangu alikuwa ameficha moja ndani ya gunia la unga muda wote huo. Aliitoa, akaivaa bila kuipangusa, akatembea hadi kituo cha reli na kurudi, mweupe kifuani kama mwokaji mikate. Hakuna aliyemvuta. Watu walimpigia makofi. Basi huyo kocha wenu angekuja zama zile na tai zake ishirini za watoto, tungemwona kwa mara ya mwisho akipandishwa garini, wala si gari la kwenda Kipushi.

Mama wa Sauti ya Pili, saa tano na dakika tano

Shikamoo, Mzee. Afadhali ninyi mlikatazwa, kwa maana kukatazwa hakugharimu kitu. Sisi katika kwaya yetu tumeamriwa kununua kitenge kipya mara tatu mwaka huu: cha Pasaka, cha ziara ya askofu, na sasa cha arusi ya mtoto wa mweka hazina, mtu ambaye hajawahi hata kuimba. Na yule anayechagua vitenge mnamjua. Cha mwisho kina maua makubwa kama sahani, kwa hiyo nikisimama karibu na altare sionekani, ninaonekana kama pazia. Mtu akitaka kulia juu ya mavazi, aje aketi upande wetu.

Fundi wa Barabara ya Lami, saa tano na dakika kumi

Vitenge hivyo mnaniletea mimi, kwa hiyo acheni niseme. Mteja ananiletea yadi nne, anataka gauni, koti, kilemba na “kidogo cha mtoto”, na yote kabla ya Jumapili. Ninapomwambia hakitoshi, anasema fundi amekula kitambaa. Ndugu zangu, kitambaa hakiliwi. Tena wiki hii nimepokea suruali kumi na moja za watoto wa timu hiyohiyo, kila mzazi anataka zipunguzwe lakini ziachwe na pindo la kuteremshwa mwakani, na hakuna hata mmoja aliyelipa.

Mama Sopo, saa tano na dakika kumi na mbili

Ya mwanangu nilikulipa nusu.

Fundi wa Barabara ya Lami, saa tano na dakika kumi na tatu

Ulinilipa kwa dagaa, Mama.

Baba wa Beki wa Kushoto, saa tano na robo

Samahani, naona tumeuacha uzi. Mtoto wangu bado ana alama nyekundu chini ya kidevu, na Jumamosi ijayo kuna mechi nyingine. Aende na tai au aende bila tai?

Mama wa Sauti ya Pili, saa tano na dakika kumi na saba

Fundi, dagaa hao walikuwa wa ziwa Mweru au wa ziwa Tanganyika? Kwa sababu kama ni wa Tanganyika, hesabu hiyo ni tofauti kabisa.

Shemeji wa Namba 42, saa tano na dakika ishirini

Shemeji, habari za usiku. Nimesoma yote, nimesikitika. Lakini viatu vyangu viko wapi? Kesho saa mbili nina ubatizo, na ninaomba uviondoe magazeti kabla ya kunirudishia, kwa maana mara iliyopita nilikwenda kazini na matokeo ya mtihani wa taifa ndani ya kidole gumba.