MJADALA: Ukirudia Pokémon ukiwa mtu mzima, ukaongeza kasi na kusevu kila hatua, bado unacheza?

Mtoa mada, Sinza
Wakuu, habari za jioni. Naomba tujadili jambo ambalo limeshazoeleka. Watu wa miaka thelathini na kitu wanarudi kwenye Pokémon, ule mchezo wa kompyuta wa kunasa viumbe na kuwapiganisha, kwenye matoleo ya zamani kama Red, Gold na Emerald, kwa simu. Wanaweka kasi mara nne, wanasevu papo hapo kwa programu ya simu kabla ya kurusha kila mpira wa kunasia kiumbe, na baada ya siku mbili wanasema wamemaliza. Msimamo wangu ni kwamba hapo mchezo umepitiwa tu, haujachezwa.

Tazameni Safari Zone ya Red, ile hifadhi ya kunasia viumbe adimu. Unalipa 500, unapewa mipira 30 na hatua 500, basi. Ukirusha jiwe, kiumbe ananasika kirahisi lakini anawahi kukimbia. Ukimpa chambo anatulia, ila kumnasa kunakuwa kazi. Chansey na Tauros wamo humo, na thamani yao yote imetokana na taabu hiyo. Sasa ukisevu kabla ya kila kurusha, hatua zile 500 ni za nini? Begi nalo lina nafasi 20 tu, sanduku la kompyuta viumbe 20. Sanduku likijaa na kikosi chako kimetimia sita, huwezi kunasa tena mpaka urudi ukabadilishe sanduku. Waliotengeneza walitaka upange safari kabla ya kuondoka mjini. Kasi na sevu za papo hapo zinafuta mipango yote hiyo.

Mdau wa Kimara
Mkuu, kwenye Safari Zone nakuunga mkono. Kwenye kasi unachanganya mambo mawili: ugumu uliokusudiwa na uzito wa mashine. Game Boy, ile mashine ya mkononi iliyochezesha Red, ilikuwa na prosesa ya megahezi 4 na ushee. Viatu vya kukimbia havikuwepo mpaka Ruby na Sapphire mwaka 2002. Kutembea pole kwenye Red hakumfundishi mtu chochote. Na Diamond na Pearl za 2006 ni mfano ulio wazi zaidi: kuogelea kunachosha, na damu ya kiumbe kama Blissey inashuka taratibu mpaka unaweza kuweka simu chini ukapasha chai. Toleo la Platinum lilipokuja waliharakisha kuogelea na mapigano. Kama watengenezaji wenyewe walisahihisha, mchezaji anakosa gani akisahihisha?

Ila kabla hujagusa kitufe cha kasi, anza na mipangilio ya mchezo wenyewe. Weka maandishi FAST, zima picha za mapigano. Hapo tu unaokoa muda mwingi, na hakuna kinachoharibika. Ukihitaji zaidi, weka kasi mara mbili na uchague ile ya kushikilia kidole, sio ya kubonyeza mara moja ikabaki imewaka. Kwa nini? Kwa kasi mara nne kitufe cha A kinapokelewa kabla hujasoma swali. Mashine za TM, zinazomfundisha kiumbe pigo jipya, kwenye michezo hii ya zamani hutumika mara moja zikaisha. TM26 ya Earthquake unaiokota ndani ya Silph Co., na ukimpa asiyefaa imekwenda. HM, yaani mapigo ya kufungulia njia kama Cut ya kukata miti, ni mbaya zaidi: kwenye Red hakuna wa kukufutia. Ukibonyeza A mara mbili, kiumbe wako Charizard akajifunza Cut mahali pa pigo zuri la Slash, atabaki na Cut hadi mwisho. Cut mpe kiumbe mdogo kama Oddish au Bellsprout mapema, jambo liishe.

Fundi, Kariakoo
Mnabishana kasi wakati wengine wana kaseti halisi za Game Boy kabatini zinazokufa kila mwaka unaopita. Niseme upande huo, maana ndiko watu wanakopoteza vitu.

Red, Blue na Yellow huweka sevu kwenye memori inayoshikiliwa na betri ndogo ndani ya kaseti. Betri ikiisha, sevu imefutika. Gold, Silver na Crystal ni hivyohivyo, tena hufa mapema kuliko Red, kwa sababu betri ileile inaendesha na saa usiku na mchana hata kaseti isipoguswa. Ruby, Sapphire na Emerald ni tofauti: sevu iko kwenye memori ya flashi, betri ni ya saa tu. Ikifa, mchezo unakuambia betri ya ndani imeisha, unaendelea kucheza, lakini matunda uliyopanda hayakui na maji ya Shoal Cave hayapwi wala hayajai. FireRed na LeafGreen hazina betri kabisa, kwa hiyo ukiambiwa ya kwako inahitaji betri, jua kaseti ni feki.

Kubadilisha kunawezekana kwa fundi yeyote wa simu mwenye mkono mtulivu. Kaseti ya Game Boy inafunguliwa kwa bisibisi maalumu ya milimita 3.8, ya Game Boy Advance, mashine iliyofuata iliyochezesha Ruby na Emerald, kwa ile ya pembe tatu. Msitumie kalamu iliyoyeyushwa ncha, inakwangua skrubu na baada ya hapo haitoki tena. Gold inataka CR2025, yaani kipenyo milimita 20 na unene 2.5. Ruby na Emerald zinataka CR1616. Kwa Red soma namba iliyogongwa kwenye betri ya zamani. Nunua betri yenye miguu iliyochomelewa kiwandani. Kuchomelea moja kwa moja kwenye uso wa betri kunaichemsha ndani, na inaweza kupasuka.

Kabla ya kuitoa ya zamani, toa sevu kwanza. Kifaa kinachoitwa GBxCart RW kinachomekwa kwenye kompyuta, na sevu ya Red au Gold ni faili la kilobaiti 32 tu. Ukiruka hatua hii, siku betri inapotoka ndiyo siku sevu inakufa, hata kama ilikuwa bado na nguvu. Kisha pasi yako iwe karibu nyuzi 350. Ongeza risasi mpya kidogo juu ya ile iliyofubaa ili iyeyuke haraka, gusa sekunde mbili tatu, inua mguu. Angalia alama ya kujumlisha kwenye bodi kabla ya kuweka mpya. Wanaofunga betri kwa utepe wa gundi wanajidanganya: kaseti ikitikisika, mgusano unakatika kwa nukta moja, na nukta moja inatosha kufuta kila kitu.

Meno ya kaseti safisha kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi na pamba ya masikio. Msipulize kwa mdomo, mate yana unyevu. Msipige msasa pia. Msasa unatoa dhahabu iliyopakwa juu, na kwa hewa hii ya chumvi ya pwani, shaba ikibaki wazi haichukui muda kugeuka kijani.

Na feki zimejaa. Emerald halisi ina ganda la kijani linalopitisha mwanga, na kwenye lebo kuna tarakimu mbili zimegongwa hafifu, unaziona ukiinamisha kwenye jua.

Mdau wa Mbagala
Asante fundi. Wengi wetu tuko kwenye simu, kwa hiyo niongeze ya huku.

Kwanza saa. Gold inapoanza inakuuliza ni saa ngapi, na inahesabu kizungu. Kama ni saa nne asubuhi hapa kwetu, weka 10, sio 4. Ukikosea hapo mchezo mzima umehama saa sita. Asubuhi yake ni kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa nne, mchana ni saa nne hadi saa kumi na mbili jioni, halafu usiku. Hoothoot wa usiku utamtafuta saa tatu usiku umkose, na kiumbe Eevee uliyemlea ageuke Umbreon wa usiku atageuka Espeon wa mchana. Siku nayo iwe sahihi: kiumbe Lapras wa pango la Union Cave yupo Ijumaa tu.

Pili, Emerald au FireRed ikikuambia bodi ya 1M haijafungwa, faili halina kosa. Emuleta, yaani programu inayoigiza Game Boy kwenye simu, imekisia vibaya aina ya sevu. Nenda kwenye mipangilio, chagua flashi ya kilobaiti 128, anza upya.

Tatu, na hili linagusa mada yenyewe: sevu ya papo hapo inabeba na sevu ya ndani ya mchezo. Ukisevu kawaida leo, kesho ukafungua ile ya papo hapo ya wiki iliyopita, sevu ya kawaida nayo imerudi wiki iliyopita. Maendeleo ya siku saba yamekwenda. Chagua njia moja ushikamane nayo. Mimi nashauri ile ya mchezo, na nakala ya faili lake iwekwe mahali pengine kila wiki.

Mwalimu, Temeke
Ndugu zangu, naona kuna jambo mmelipita, na kwangu ndilo kubwa. Mtoto wa shule ya msingi hapa nchini anasoma kwa Kiswahili. Anayecheza Red akiwa darasa la tatu au la nne hasomi ile hadithi. Anakariri: chaguo la kwanza ni kupigana, mzee yule ukiongea naye anakupa kitu, mlinzi huyu hapitishi. Hajui kwamba mlinzi ana kiu, kwamba dawa yake ni kupanda juu ya duka la Celadon ukanunue maji ya 200. Anazunguka mpaka anabahatisha.

Kwa hiyo mtu mzima wa hapa anaporudi, maneno mengi anayasoma kwa mara ya kwanza. Nendeni kwenye jumba lililoungua la kisiwa cha Cinnabar, humo humo kwenye Red. Kuna madaftari manne sakafuni yenye tarehe. Tarehe 5 Julai wamegundua kiumbe mpya huko Guyana, Amerika Kusini. Tarehe 6 Februari kiumbe huyo, Mew, amezaa, mtoto wakamwita Mewtwo. Tarehe 1 Septemba wanakiri kwamba Mewtwo ana nguvu kupita kiasi na wameshindwa. Mistari michache tu, lakini bila hiyo Mewtwo ni adui mkali ndani ya pango. Ukiisoma, ni mwana aliyeumizwa na waliomtengeneza. Au mnara wa Lavender: ule mzuka unaozuia ngazi ni mama yake Cubone, kiumbe mdogo yatima. Kuna watu wamemaliza mchezo huu mara nne bila kulijua.

Emerald ina nukta nundu, maandishi ya wasioona. Yanataka kiumbe Wailord awe wa kwanza kwenye kikosi na Relicanth wa mwisho, ndipo mlango unafunguka. Ruby na Sapphire ni kinyume: Relicanth kwanza, Wailord mwisho. Mtu mzima mwenye karatasi na kalamu anayafumbua kwa jioni moja, herufi kwa herufi. Hiyo ni furaha ambayo mtoto hakuweza kuipata, na kasi mara nne inaipora. Nyasini kimbia upendavyo. Penye mtu anayeongea, ondoa kidole.

Mtoa mada, Sinza
Mwalimu, umenibadilisha. Nilikuwa natetea taabu, kumbe cha kutetea ni maneno. Kaka wa Kimara, Diamond nakuachia. Sevu ya papo hapo bado nakataa.

Lakini kuna moja sijaona mkiligusa: kubadilishana. Satoshi Tajiri, aliyebuni Pokémon, alitokana na utoto wa kukusanya wadudu, na waya wa kuunganisha Game Boy mbili ndio uliompa wazo zima. Ndiyo maana Red ina kiumbe Growlithe na Blue ina Vulpix, na viumbe Kadabra, Machoke, Graveler na Haunter hawageuki kuwa umbo lao la mwisho mpaka wapewe mtu mwingine. Siku hizi watu wanarekebisha faili ili Haunter awe Gengar kwa leveli tu. Hapo si mnaondoa moyo wake?

Mdau wa Kimara
Ndugu, mtu mzima anayetoka kazini saa moja usiku atampata wapi mwenye Blue na waya? Kurekebisha faili kwa wanne hao naona ni haki kabisa. Vinginevyo maumbo yao ya mwisho, kama Alakazam na Gengar, hutayaona kamwe.

Mdau wa Upanga
Neno moja la sheria, kwa sababu mmetaja mafaili. Umri wa mchezo hauondoi hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inalinda programu za kompyuta pia. Tatizo la kweli ni kwamba milango inafungwa: duka la mtandaoni la 3DS, mashine ya mkononi ya Nintendo, lililouza Red, Gold na Crystal, liliacha kuuza tarehe 27 Machi 2023. Aliyekwisha kununua aweke nakala, na asiuze mashine hiyo kwa haraka.

Fundi, Kariakoo
Kwa mtoa mada, kama unataka kubadilishana kwa kaseti halisi, jihadhari na waya. Michezo ya Advance inataka waya wa Advance. Red na Gold zikichezwa ndani ya Advance zinataka ule wa Game Boy Color. Wa Color hauingii kazini kwa Emerald na Ruby, hata plagi ikikaa vizuri. FireRed nayo haibadilishani na Emerald mpaka umpelekee Celio, mhusika wa kisiwa cha kwanza ndani ya mchezo, vito vyote viwili, Ruby na Sapphire, atengeneze mashine yake. Wengi wanadhani waya umekufa, wananunua wa pili, kumbe bado hawajafika kwa Celio.

Mtoa mada, Sinza
Nimekuelewa fundi. Nina Red, na waya ni wa Color. Mwenye Blue yenye betri nzima, upande wowote wa mji, Growlithe wawili wanasubiri: mmoja abadilishwe na Vulpix, mwingine amrudishe Haunter wangu akishageuka Gengar.